Gari mnyongeni, haki yake mpeni

Machi 2017, jijini Las Vegas, msichana wa miaka 18 aligongana na gari jingine akiwa kwenye Honda Accord ya 2002. Haikuwa ajali ya kuua mtu. Mfuko wa hewa wa kwenye usukani ulifumuka kama ulivyopaswa, lakini kimtungi cha chuma kinachoujaza gesi nacho kilipasuka, na kipande chake kikamtoboa koo. Madaktari walimwokoa. Historia ya gari ilipofuatiliwa ikabainika kwamba lilikuwa limewahi kupata ajali kubwa, kampuni ya bima ikalihesabu kuwa hasara tupu, likauzwa, likanyooshwa, likarudi sokoni. Aliyelitengeneza alihitaji mfuko mwingine badala ya ule uliokwisha kufumuka, akapachika uliochomolewa kwenye Accord ya 2001. Accord hiyo ya 2001 ilikuwa miongoni mwa magari ambayo Honda ilishatoa wito yarudishwe yatengenezwe, kwa sababu ya kimtungi cha aina hiyohiyo. Familia ya msichana ililinunua gari bila kujua lolote kati ya hayo, na hata kama ingetaka kujua, hapakuwa na karatasi ya kuiambia mfuko ule ulitoka wapi.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu kina uzito kwa Waswahili wengi kuliko wanavyodhani. Wapo ndugu zetu Marekani wanaoendesha magari yenye hati mbaya kwa kuwa ndiyo waliyoyamudu. Na wapo mamilioni huku nyumbani wanaoendesha magari yaliyotumika kwingine, ambayo historia yake iliishia kwenye mnada wa nchi ya mbali. Wote wanaambiwa, kwa maneno au kwa ukimya, kwamba gari la bei nafuu limepoteza haki zake. Jambo hilo si kweli, na nadhani ni wakati wa kulikataa kwa sauti.

Tuanze na hiyo hati. Marekani kila jimbo hutoa hati ya umiliki wa gari, sawa na kadi ya gari kwa Mtanzania au logibuku kwa Mkenya. Gari likigongwa, likizama kwenye mafuriko au likiungua, kampuni ya bima hupiga hesabu ya gharama za kulitengeneza. Zikizidi kiwango fulani cha thamani ya gari, bima humlipa mwenyewe na kulichukua gari. Kiwango hicho hutofautiana: New York ni asilimia 75, Texas ni thamani yote. Kuanzia hapo hati ya gari hupigwa alama ya salveji, na gari lenyewe hupelekwa kwenye yadi kubwa za minada kama zile za Copart. Fundi hulinunua, hulinyoosha bodi, hubadilisha alichoweza, hulipeleka kukaguliwa na jimbo, na likipita hupewa hati inayosema limejengwa upya. Alama haifutiki kisheria. Wapo wanaolihamisha gari jimbo hadi jimbo ili alama ipotelee njiani, lakini huo ni wizi unaojulikana, na ndiyo maana Marekani ilianzisha kwa sheria ya 1992 mfumo wa taifa wa kufuatilia hati za magari.

Anayenunua gari la namna hii ni nani? Ni mtu anayehitaji kufika kazini. Wakimbizi wa Kongo waliopewa makao Marekani, ambao wengi wao Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani, wamepelekwa Texas, Kentucky, Ohio, Iowa, Maine na kwingineko, kwenye miji ambayo basi halifiki kiwanda cha nyama wala ghala la usiku. Bila gari hakuna kazi, na bila historia ya mikopo benki haikopeshi. Gari la salveji linauzwa kwa bei ya chini sana ukilinganisha na mwenzake mwenye hati safi, na linalipwa taslimu. Ni uamuzi wa mtu mwenye akili timamu aliyebanwa na hali. Simlaumu, na sitaki mtu amlaumu.

Sasa wito wa kurudisha magari. Mwaka 1965 mwanasheria Ralph Nader alichapisha kitabu kilichoyashutumu makampuni ya magari kwa kuuza hatari wanayoijua, na Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson akatia saini sheria ya usalama wa magari. Kutokana na sheria hiyo na marekebisho yake ya baadaye, kampuni ikigundua kasoro inayohatarisha maisha, au ikilazimishwa kuikubali na mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, inapaswa kuwaandikia wenye magari na kuiondoa kasoro hiyo bure. Inaweza kutengeneza, kubadilisha, au kurudisha fedha. Sheria inasema wajibu huo unaanza gari linapofikishwa. Haisemi gari lenye hati safi, wala gari la mmiliki wa kwanza. Kizuizi kikubwa kilichomo ni cha umri: kampuni hailazimiki kutengeneza bure ikiwa mnunuzi wa kwanza alilinunua gari zaidi ya miaka 15 kabla ya tangazo la wito. Hata hapo, makampuni mengi huendelea kutengeneza kwa hiari kasoro ikiwa ya kutisha.

Kwa hiyo gari lililofutwa na bima, likatengenezwa, likasajiliwa, likarudi barabarani, bado ni gari mbele ya sheria ile. Kasoro liliyotoka nayo kiwandani haikusababishwa na ajali iliyolipata baadaye, na aliyeisababisha bado anaiwajibikia.

Mbona basi watu wanafukuzwa kwenye kaunta? Mpwa wangu anayeishi Texas aliniuliza swali hilo kwenye simu mwaka juzi. Alikuwa amenunua sedani ya Kijapani ya 2011 yenye hati ya kujengwa upya, akaingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, akakuta mfuko wa hewa wa upande wa abiria una wito ambao haujafanyiwa kazi. Akaenda kwa wakala wa kampuni.

“Shikamoo mjomba. Wamenikatalia.”

“Marahaba. Wamekukatalia kwa maneno gani?”

“Kaka wa mapokezi kaangalia kompyuta, kasema hili ni salveji, waranti yake imekufa.”

“Na wewe uliomba waranti?”

Akanyamaza. “Hapana, mjomba. Niliomba mfuko wa hewa.”

Hapo ndipo penye fundo, na nawaomba wasomaji walio Marekani wapasome vizuri. Waranti ni mkataba. Kampuni inakuahidi kwamba kwa miaka kadhaa au maili kadhaa itatengeneza vitakavyoharibika, na katika mkataba huo inaruhusiwa kuandika kwamba gari likifutwa na bima ahadi inakoma. Karibu zote zimeandika hivyo, na ni haki yao. Wito wa usalama hautokani na mkataba. Unatokana na sheria ya nchi, na kampuni haiwezi kujitoa kwa kuandika sentensi kwenye kijitabu. Mhudumu wa kaunta anaona neno salveji kwenye skrini, pale ambapo mfumo umefunga malipo yote ya waranti, na anadhani umefunga kila kitu. Mara nyingi hakusudii ubaya. Lakini mteja mwenye Kiingereza cha kuungaunga, mwenye zamu saa mbili zijazo, akiambiwa hapana na mtu aliyevaa tai, anaondoka na bomu lake.

Nilimwambia mpwa wangu mambo ambayo namwambia kila mtu. Usiseme waranti, sema wito wa usalama, utaje na namba ya wito iliyoandikwa kwenye tovuti. Ukikataliwa, mwombe mhudumu aandike sababu kwenye karatasi ya duka na kuweka jina lake. Piga simu makao ya kampuni yenyewe, kwa namba ya huduma kwa wateja, omba wafungue faili na wakupe namba yake. Wao ndio wanaobanwa na sheria, na wao ndio wanaomlipa wakala kwa kazi hiyo. Jaribu wakala mwingine wa kampuni hiyohiyo, yeyote anaruhusiwa. Gari likishafikishwa na siku 60 zikapita bila kutengenezwa, sheria inalihesabu hilo kuwa dalili ya kampuni kushindwa kutimiza wajibu wake ndani ya muda wa kuridhisha, kwa hiyo hifadhi karatasi yenye tarehe. Na peleka malalamiko NHTSA, kwa sababu malalamiko yakirundikana ndiyo yanayofungua uchunguzi. Kijana alikwenda kwa wakala wa mji jirani, akataja namba ya wito. Wakaufungua usukani na dashibodi, wakakagua, wakabadilisha, hawakumtoza senti.

Ni haki niseme pia wanachokiogopa mawakala, kwa sababu hofu yao si ya kubuni. Gari lililonyooshwa na fundi asiyejulikana linaweza kuwa na waya zilizoungwa kwa utepe wa gundi, sensa ya mgongano isiyofanya kazi, au kompyuta ya mifuko ya hewa yenye kumbukumbu ya ajali ya zamani. Fundi wa wakala akifunga kimtungi kipya, kisha siku ya ajali mfuko usifumuke kwa sababu ya waya mbovu wa mtu mwingine, lawama itamfuata yeye. Na kuna nyakati ambapo sehemu yenye wito haipo kabisa. Mifuko ilifumuka kwenye ajali ya kwanza na hakuna aliyerudishia. Mjanja mmoja akashindilia matambara chini ya kifuniko, akaizima taa ya onyo. Wakala hawezi kubadilisha kitu kisichokuwepo, na sheria haimdai akutengenezee uharibifu wa ajali.

Lakini jibu la hofu hiyo ni kufungua na kuangalia. Mwenye gari ambaye ameambiwa “tumefungua, hapa hakuna mfuko wa hewa, kuna matambara” ameokolewa maisha hata kama hakubadilishiwa kitu. Kumfukuza mlangoni kunamwachia kila kitu kama kilivyokuwa, na kunamwondoa mtu pekee mwenye vifaa na ujuzi wa kuigundua hatari ile.

Kabla ya kaunta kuna tatizo jingine, nalo ni barua. Wito hutumwa kwa posta, kwa jina na anwani zilizo kwenye kumbukumbu za usajili. Gari la salveji linaweza kukaa miezi mingi bila usajili wowote wa kawaida, likiwa yadi, kwa dalali, kwenye banda la fundi. Barua inakwenda kwa mtu wa zamani, ambaye alishalipwa na bima na kulisahau gari, naye anaitupa. Mnunuzi mpya hapati chochote. Wala duka la magari yaliyotumika halilazimiki kumweleza: sheria ya shirikisho inakataza kuuza gari jipya lenye wito usiofanyiwa kazi, na tangu 2016 inakataza makampuni makubwa ya kukodisha kulikodisha, baada ya mabinti wawili ndugu kufa California mwaka 2004 kwenye gari la kukodi lililokuwa na wito wa hatari ya moto. Gari lililotumika linaachwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo pengo baya kuliko yote katika sheria ile, kwa sababu linamwacha bila ngao mtu anayenunua gari kuukuu, ambalo ndilo lenye kasoro zilizoiva.

Kuiva kwa kasoro kuna maana yake halisi. Vimtungi vilivyoleta maafa haya vilitengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani. Ndani ya kila kimtungi kuna vidonge vya kemikali ya amonia naitreti, ya ukoo mmoja na mbolea tunayoweka mashambani. Umeme mdogo ukivichoma wakati wa mgongano, vinageuka gesi na mfuko unajaa kufumba na kufumbua. Kemikali hii ni rahisi kupata na bei yake ni nafuu, lakini haivumilii unyevu. Unyevunyevu ukipenya kidogokidogo, joto la mchana likavipanua vidonge na ubaridi wa usiku ukavibana, mwaka baada ya mwaka, vinapoteza ugumu wake na kuwa na vitundu. Siku vikiwashwa vinaungua kwa kasi kupita kiasi. Kimtungi hakihimili, kinapasuka, na vipande vya chuma vinapita kwenye kitambaa na kumwingia dereva usoni, shingoni, kifuani. Orlando, Florida, mwaka 2014, wapelelezi walioona majeraha ya shingoni ya mwanamke aliyekufa kutokana na ajali ya kawaida walidhani kwanza amechomwa kisu.

Honda ilitoa wito wa kwanza wa vimtungi hivi mwaka 2008. Kufikia kilele chake ulikuwa wito mkubwa kuliko wowote katika historia ya magari: vimtungi takriban milioni 67 Marekani peke yake, kutoka makampuni mengi. Watu wasiopungua 28 wamethibitishwa kufa nchini humo. Takata ilikiri kosa la jinai la udanganyifu mwaka 2017 na mwaka huohuo ikafilisika. Katika kundi la vimtungi vya awali zaidi, vya magari ya Honda na Acura ya 2001 hadi 2003, majaribio yalionyesha uwezekano wa kupasuka kufikia asilimia 50. Januari 2024 Toyota iliwaambia wenye magari 50,000 hivi nchini Marekani, yakiwemo Corolla za 2003 na 2004 na RAV4 za 2004 na 2005, wasiyaendeshe kabisa mpaka yatengenezwe. Gari la umri huo, ni mara ngapi limewahi kubadilisha wamiliki? Na ni mangapi kati yake yaliwahi kufutwa na bima?

Hapa tunarudi kwenye Accord ya Las Vegas, maana kisa chake kinaonyesha mpaka wa haki ninayoitetea. Wito unakwenda kwa namba ya chesisi. Spea haina utii huo. Mfuko wa hewa ukichomolewa kwenye gari lililofutwa, unawekwa rafu, unauzwa, unapachikwa kwenye gari ambalo tovuti itasema halina wito wowote. Honda na wengine walilazimika kuzunguka kwenye yadi za magari mabovu wakinunua vimtungi ili visirudi barabarani. Tangu hapo limezuka tatizo la pili. Mwaka 2024 NHTSA ilionya juu ya vimtungi vya bei rahisi vya kutoka nje, visivyo na ubora, vilivyokuwa vikifungwa kwenye magari yaliyokwisha kupata ajali. Watu 3 walikuwa wamekufa na 2 kujeruhiwa vibaya ndani ya miezi michache, kwenye ajali ambazo walipaswa kuzitoka wakitembea. Kwa vimtungi vile hakuna kampuni ya gari ya kuvitolea wito. Ushauri wa mamlaka ulikuwa kwamba anayenunua gari lenye historia ya ajali alipeleke kwa fundi mwenye sifa aifungue mifuko ya hewa na kuangalia. Naongeza kwamba mtu mwenye gari la salveji asiridhike na tovuti inayosema hakuna wito. Amwombe fundi asome namba iliyo kwenye kimtungi chenyewe.

Magari haya hayakai Marekani. Mengi ya salveji hupakiwa kwenye makontena, na mojawapo ya vituo vyake vikubwa ni Sharjah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako gereji na yadi zinazoyanyoosha zimejaa mitaa mizima. Kutoka huko yanasambaa Ghuba na Afrika, hasa nchi zinazoendesha kulia mwa barabara. Mswahili wa Muskati na Mswahili wa Goma wanaweza kukuta kwenye mnada gari lililozama Houston. Likishavuka bahari, sheria ya 1966 imebaki nyuma. Namba ya chesisi ya tarakimu na herufi 17 bado inasomeka kwenye tovuti ya NHTSA, kwa hiyo inawezekana kujua kasoro iliyomo. Kinachopotea ni mtu wa kuidai.

Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda magari mengi yanatoka Japani, na hali inafanana kwa namna ambayo ingepaswa kutusumbua zaidi. Kwenye mpango wa wito wa Marekani, majimbo yenye joto na unyevu, kama Florida, Hawaii na pwani ya Ghuba ya Meksiko, yaliwekwa mbele kwa sababu ndiko vidonge vinakoharibika haraka. Malaysia, yenye joto na unyevu mwaka mzima, ilizika watu kadhaa kwa vimtungi hivi. Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam zina hali ya hewa gani? Gari lililoingia hapa miaka kumi iliyopita likiwa na miaka saba limeshaanikwa kwenye jua la pwani kwa muda mrefu kuliko lilivyokaa Japani.

Na Japani yenyewe iliona hatari. Tangu Mei 2018 wizara inayosimamia uchukuzi huko iliamua kwamba gari lenye kimtungi cha Takata cha kundi la hatari, ambacho hakijabadilishwa, lisipite ukaguzi wa lazima wa serikali, ule wanaouita shaken. Gari lisilopita ukaguzi huo haliruhusiwi kutembea barabarani Japani. Hakuna kinachomzuia mwenyewe kuliuza mnadani, na mnunuzi wa nje kulipakia melini. Kenya inakataza gari lenye zaidi ya miaka 8, Uganda imeweka kikomo cha miaka 15 tangu 2018, wakaguzi wanapima breki, matairi, taa, moshi, hata mionzi. Swali la kama gari lina wito wa usalama ambao haujafanyiwa kazi lingejibiwa kwa dakika chache, nami sioni sababu ya nchi zetu kutolifanya sharti la kuingia.

Iko nchi yenye mazoea kama yetu iliyofanya hivyo. New Zealand inaendesha kushoto, na inaagiza magari mengi yaliyotumika kutoka Japani. Mwaka 2018 serikali yake ililazimisha wito wa vimtungi vya kundi la hatari zaidi, takriban magari 50,000, na ikayahusisha hata yaliyoingizwa na wafanyabiashara binafsi ambayo mawakala wa kampuni hawakuyauza wao. Magari yenye vimtungi hivyo yakazuiwa kuingia. Najua hapa nitasikia hoja kwamba gari la mitumba ni la mitumba na kampuni haina mkataba nalo. Kule magari kama hayo nayo yalijumuishwa kwenye wito.

Atakayesema suala la Takata limepitwa na wakati, kwa kuwa magari yanayoshuka bandarini sasa ni mapya zaidi, aangalie pampu za mafuta za Denso. Mwaka 2020 Toyota ilitoa wito duniani kote kwa mamilioni ya magari, mengi yakiwa yametengenezwa kati ya 2017 na 2019, kwa sababu pampu inaweza kugoma na injini ikazimika gari likiwa kasi barabarani. Hayo ni miongoni mwa magari ambayo Mkenya aliruhusiwa kuyaagiza miaka ya karibuni. Dereva aliyezimikiwa na injini mteremkoni, lori likiwa nyuma, haambiwi na mtu yeyote kwamba pampu ile ilipaswa kubadilishwa bure kabla gari halijapanda meli.

Kuna kitu mwenye gari anaweza kufanya leo. Magari ya soko la Japani hayana namba ya tarakimu 17. Yana namba ya fremu yenye sehemu mbili, kama NZE121 kwa Corolla au ACA21 kwa RAV4, kisha kistari na tarakimu zinazofuata. Imechapwa kwenye chuma na ipo kwenye kadi ya gari. Tovuti za Toyota, Honda na Nissan za Japani zina ukurasa wa kuingiza sehemu hizo mbili na kuonyeshwa wito wowote uliopo. Ukurasa ni wa Kijapani, lakini simu ya kawaida inautafsiri. Anayeagiza gari kwa dalali afanye hivyo kabla ya kutuma fedha, wakati muuzaji wa Japani bado analo na wakala wa kampuni yupo mtaa wa pili, ambako kazi hiyo ni bure. Dalali akikwepa swali, kuna madalali wengine.

Mwenye gari ambalo tayari liko hapa, na likaonekana lina wito, atakwama kwa wakala wa nchini atakayemwambia gari hili hatukuliuza sisi. Hilo mtu mmoja mmoja hawezi kulishinda. Linahitaji kanuni mbili fupi: moja itakayofanya jibu la wito kuwa sehemu ya cheti cha ukaguzi wa gari linaloingia, nyingine itakayomtaka wakala anayebeba jina la kampuni nchini kuondoa kasoro za usalama kwa kila gari la jina hilo lililosajiliwa, kwa gharama ya kampuni. Mashirika ya viwango, KEBS, TBS na UNBS, yana kumbukumbu za magari yanayokaguliwa, na mamlaka za usajili zina namba za chesisi zote. Bajeti za nchi hizi husomwa kila Juni, na wizara za uchukuzi hupita mbele ya wabunge kabla ya hapo. Mbunge wa Temeke, wa Kisauni au wa Kawempe anaweza kuuliza ni magari mangapi jimboni kwake yana wito ambao haujajibiwa, na waziri apewe muda wa kuleta idadi.